Mfupa wa Kifaransa

Mtu wa kwanza niliyemtoa damu nilimtoa kwa sababu ya Kifaransa. Nilimchoma pajani kwa mwiba wa mgunga, tukiwa tumekaa tunakunywa uji wa asubuhi, na sikumchoma kwa bahati mbaya. Niliukandamiza mpaka ukavunjikia ndani. Alikuwa rafiki yangu. Nalisema hilo mapema ili asitokee mtu wa kunionea huruma huko mbele.

Zilikuwa enzi za Mjerumani. Misheni yetu ilikuwa upande wa Bahi, ambako masika maji hutanda mpaka yakafuta njia na kiangazi ardhi hupasuka nyufa za kumeza kwato za ng'ombe. Mapadri walitoka Ufaransa, jambo ambalo serikali ililivumilia shingo upande. Mimi nilitoka Zuzu, kijana niliyekwisha fikia umri wa kuoa, na baba yangu alikwisha niita mpumbavu mbele ya watu kwa kuacha mifugo yake na kwenda kukaa kwenye benchi.

Chuoni tulikuwa wanane katika darasa la pili la Kifaransa. Darasa la kwanza lilikuwa la majina ya vitu tu: meza, mlango, jembe, kuku. Hata kasuku angelimaliza. La pili ndilo lililokuwa na kazi, kwa sababu hapo ulitakiwa kusimulia jambo lililopita, kuuliza na kuulizwa, na kubisha kwa adabu. Aliyevuka aliingia la tatu, akawa mwalimu, akapewa nyumba na kanzu mbili nyeupe. Aliyeshindwa alirudi kwao kushika jembe, na watu wakamcheka mpaka uzeeni. Mimi nilizitaka zile kanzu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Padri aliyetufundisha alikuwa mfupi, mwekundu, mwepesi wa mkono. Alitupenda kweli na alitupiga kweli. Wakati ule sikuona kwamba kuna neno la kuuliza hapo, na nilipokuja kuona alikuwa amekwisha kufa.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa mfupa. Ulikuwa mfupa wa mguu wa mbuzi, umetobolewa na kutiwa kamba. Kengele ya asubuhi ikilia, ilikuwa marufuku kusema Kigogo, Kirangi wala Kiswahili mpaka kengele ya jioni. Aliyeteleza alivishwa mfupa shingoni. Ili kuuvua, ilimpasa amnase mwenzake akisema lugha ya kwao, amvishe yeye. Basi ulizunguka kutwa nzima, kisimani, shambani, chooni, na yule ambaye kengele ya jioni ilimkuta nao aliinama mbele ya padri akala fimbo tano za mti wa mkole.

Na fimbo zenyewe zilikuwa na adabu zake. Baada ya kila moja ulipaswa kusema, kwa sauti ya kusikika, *Merci, mon père*, yaani asante, baba. Ukichelewa, ile haikuhesabiwa. Ukiguna au ukilia kwanza, haikuhesabiwa. Nimeona mtu akila fimbo tisa ili apate tano.

Unaweza kudhani tulikuwa tukiviziana masikio tu, kungoja mtu ajisahau. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili tuligundua kwamba mtu akiumizwa ghafla hulia kwa lugha aliyonyonya. Sisi sote tulikuwa tumepita jandoni, tukakatwa bila kupepesa jicho, lakini jandoni unajua kisu kinakuja. Mwiba unaokuja wakati unapuliza uji hauna jando. Basi tukawa tunachomana, tunabanana vidole milangoni, tunamwagiana maji ya moto miguuni. Darasa la watu wazima, wenye rozari shingoni, na usiku kila mmoja analamba vidonda vyake. Padri alikuwa akituona tunachechemea na alisema Kifaransa chetu kinakwenda vizuri.

Mimi nilikuwa hodari. Nilijizoeza kufunga mdomo nikiumia, na nikishtuka nilijua kugeuza ukelele ukawa kikohozi. Kwa mwaka mzima nilipigwa mara tatu tu. Hizo zote nyingine, zile zilizokuwa haki yangu, zilimwangukia Mrangi.

Alitoka Kondoa, mrefu, taratibu, baba yake Mwislamu mwenye kuuza asali na tumbaku. Alikuja kwa mapadri kwa kupenda kwake, na baba yake hakumfukuza, alimpa punda wa kumbebea mzigo. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alishona viatu vya misheni nzima, na hesabu zetu zote alitufanyia yeye. Ila Kifaransa hakikumwingia. Akiulizwa swali darasani, macho yake yalinitafuta mimi, na siku nikiwa na moyo mwema nilimnong'oneza jibu. Siku nikiwa na mfupa nilimfuata na mwiba.

Nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa akinikalia karibu na kwa sababu hakuwa na kinyongo. Ubaya wangu hauna maelezo marefu kuliko hayo.

Siku moja tu alichoka. Nilikuwa nimembana kidole kwenye bawaba, ukucha ukang'oka, na bado hakulia kwa Kirangi, alitoa machozi tu. Nikaona nimeshindwa, nikaenda kisimani na mfupa wangu. Akanifuata huko. Alinipiga na ndoo usoni, jino likatoka, kisha akanikaba koo akanilaza kwenye tope na kunikalia kifuani. Ule uso mpole ulikuwa umevimba mishipa. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Wewe Mgogo, wewe. Utakuja kuniua bure."

Nilikuwa natema damu. Nikauvua mfupa shingoni mwangu, nikamvisha.

Alisema Kiswahili, na sheria ni sheria. Aliniachia koo akaniangalia kama mtu aliyemwona nyoka ndani ya kiatu chake. Jioni ile alikula tano zake, na nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona mgongo. Neno halikuwa likisubiri tena maumivu. Lilitoka pamoja na mlio wa fimbo, safi kabisa, bila kosa: *Merci, mon père. Merci, mon père.* Padri alifurahi akasema, haya, hata huyu sasa ana matamshi.

Kisha ikaja vita ya Wazungu. Wabelgiji, ambao husema Kifaransa, walikuwa wakitishia kuingia kutoka magharibi, na kila aliyeijua lugha ile akawa adui. Mapadri walichukuliwa wote asubuhi moja, padri wetu akiwa na sahani mkononi. Alituwahi kwa maneno machache tu, kwamba tuvizike vitabu na tuseme sisi ni vibarua wa shamba. Tulivizika vitabu chini ya kiwanja cha kupuria mtama. Mfupa tulimtupia mbwa. Tukavua mashati, tukavaa shuka, tukashika majembe, tukakubaliana wote wanane: hatujui hata neno moja.

Wiki moja baadaye walikuja askari, na bwana mmoja Mjerumani amepanda nyumbu. Tarishi alikuwa amekamatwa akielekea magharibi na barua ya Kifaransa ndani ya kibuyu. Hatukuiandika sisi, na mpaka leo nadhani aliiandika padri mwenyewe. Yule bwana alituambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Aliyeandika barua hii nitamnyonga. Nani anajua Kifaransa?"

"Hakuna, bwana," tukajibu. "Sisi vibarua tu."

"Vibarua," akasema, akitazama viganja vyetu vilivyokuwa laini. "Haya. Kila mmoja hamsa ishirini, mpaka mmoja akumbuke."

Hamsa ishirini kila mtu aliijua, viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko, na wapo waliobebwa kwenye machela baada yake. Bwana alishuka kwenye nyumbu akawekewa kiti, na askari wakaviringisha pipa katikati ya uwanja. Mrangi ndiye aliyekuwa mwisho wa mstari upande wao, wakamshika yeye kwanza, wakamlaza juu ya pipa, mmoja akamkalia kichwa.

Nilijua kabla. Mkono wa askari ulipokwenda juu nilitaka kupiga kelele na sikujua nipige kelele gani.

Kiboko kilishuka.

"*Merci, mon père*," akasema Mrangi.

Askari akasita. Yule bwana aliinuka kwenye kiti chake, akaashiria kwa kidole: kingine. Kikashuka, ngozi ikapasuka kutoka bega mpaka kiunoni.

"*Merci, mon père*."

Sidhani kama mwenyewe alijua kwamba amesema. Bwana alikwenda akachuchumaa karibu na pipa, akamwinua kidevu, akamuuliza kwa Kifaransa kizuri, cha mtu aliyekisoma shuleni: *Qui t'a appris cela?* Nani amekufundisha hayo?

Lilikuwa swali la darasa la pili. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi kwa wiki nzima, nani amefanya, nani amesema, nani amefundisha. Mrangi hakulielewa. Niliuona uso wake ukiwa vilevile kama siku zote darasani, mtiifu, umepotea, na macho yake yakaanza kunitafuta. Yakanipata. Alikuwa akingoja nimnong'oneze.

Nilikuwa na jibu. *C'est moi.* Ni mimi. Lilikuwa tayari mdomoni, silabi mbili tu, na matamshi yangu yalikuwa bora kuliko ya darasa zima. Ningesema hayo, yule bwana angejua mara moja ni nani kati yetu awezaye kuandika barua. Nikatazama miguu yangu. Kulikuwa na siafu akivuka kidole, nikamtazama siafu.

Bwana akauliza tena, polepole zaidi. Mrangi, ambaye hakutaka kumkasirisha mtu, akampa Kifaransa chote alichokuwa nacho. Akamshukuru.

Bwana alidhani anafanyiwa dhihaka. Alichukua kiboko mwenyewe, na sikuhesabu. Damu ilifika mpaka kwenye buti zake, na kila pigo lilishukuriwa, mpaka sauti ikawa pumzi tu, na midomo bado ikienda.

Baadaye walitulaza sisi wengine, mmoja mmoja, watafute kama yuko mwenzake. Kilichoniokoa ni kwamba chuoni sikuwa nimepigwa vya kutosha. Kiboko cha kwanza tu, nikalia "Yayaaa!" kwa Kigogo, nikimwita mama yangu kama mtoto wa mgongoni, na hamsa ishirini zote nilimwita yeye. Nililia kwa sauti kubwa kuliko maumivu yenyewe. Niliona haya na bado niliongeza sauti. Bwana alinisukuma kwa ncha ya buti akasema, "Huyu mshenzi halisi. Mwacheni." Wale sita nao walilia kwa lugha za kwao, wakaachwa.

Kesho yake asubuhi walimnyonga Mrangi kando ya reli. Walitusimamisha tutazame, na migongo yetu imejaa inzi. Walimpandisha juu ya sanduku la misumari ya reli. Kabla hawajalipiga teke alisema maneno mengi, marefu, yote kwa Kirangi, bila haraka, na hakuwapo mtu wa kumvisha mfupa. Sikuelewa hata neno. Miaka miwili tumelala chumba kimoja na sikuwahi kujifunza Kirangi chochote zaidi ya vilio vyake.

Miezi michache ikapita, Mjerumani akiwa bado bomani. Mimi ndiye niliyebaki kuangalia majengo ya misheni, kwa kuwa nyumbani sikuthubutu kurudi. Siku moja ya kiangazi alikuja mzee mwenye kofia ya kitambaa cheupe, anaburura punda. Nilimtambua kwa urefu kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Kondoa. Natafuta waliosoma na kijana wangu."

Nilimpa kigoda na maji. Alikunywa yote, akapangusa ndevu, akautazama ule uwanja. Pipa lilikuwa bado pale. Kisha akasema habari zimemfikia kwamba kijana wake alinyongwa kwa sababu ya Kifaransa, eti alikijua mno mpaka Wajerumani wakamwogopa. Watu wa msikitini wanamsimulia. Yeye mwenyewe hakuamini sana, maana mtoto alikuwa mzito wa vitabu tangu mdogo, mwalimu wa chuoni kwao alikwisha kata tamaa naye.

"Nataka kujua hilo tu," akasema. "Ni kweli alikijua?"

Nilimwangalia. Ningeweza kumwambia alijua maneno matatu tu, na kwamba ni mimi niliyemfundisha, kwa mwiba, siku baada ya siku, mpaka yakamwingia mwilini. Alikuwa na haki ya kuyasikia. Mkononi alikuwa na bakora nzuri na ningeinama mwenyewe.

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Alikijua kutushinda sote."

Uso wake ulitulia. Alishusha kibuyu cha asali kutoka kwa punda akakiweka miguuni pangu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Asante sana."