Dawa ya Ng'ombe Mguuni Mwangu

Sina haya kusema kwamba nimechomwa sindano ya ng'ombe. Nilichomwa nyumbani kwangu Nyarero, nimekaa kwenye kigoda, kwa hiari yangu, na aliyemwita mchomaji ni mimi mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu wapo watakaosema namsingizia shemeji yangu.

Shemeji huyo, mdogo wa mume wangu, ndiye anayetibu mifugo ya boma letu. Ana bomba la sindano na chupa ya dawa ya njano anayonunua duka la dawa za mifugo, na mkono wake ni mwepesi. Ng'ombe akilegea, anamchoma. Mtu akikohoa wiki nzima, anamchoma pia. Kipimo anakadiria kwa macho: mtu mzima ni sawa na ndama. Mimi alishanichoma kwa kikohozi, kwa tumbo, na mara moja kwa jino. Kila mara nilipona, au nilidhani nimepona.

Mwaka ule jembe liliniteleza nikipalilia mahindi, likanikata kwenye muundi wa mguu. Nilifanya kila kinachofanywa kwetu. Nilifungua vidonge vya rangi mbili nikamwaga unga wake kwenye kidonda. Nilichemsha majani ya mwarobaini nikakiosha. Shemeji akanichoma siku mbili, maumivu yakapungua, tukaacha. Yaliporudi akanichoma tena. Tulikwenda hivyo tangu palizi hadi mavuno, na kidonda kikazidi kuchimba. Kilinuka mpaka wateja wangu wa ndizi kwenye gulio wakawa wananipa hela kwa mkono ulionyooshwa.

Hospitalini, daktari aliuliza dawa nilizotumia. Nikamtajia zote, na aliyenichoma. Nilipofika kwenye ile ya ng'ombe aliacha kuandika, akanitazama, kisha akaendelea kuandika. Alisema usaha umekaribia mfupa, na usipokauka itabidi mguu ukatwe chini ya goti. Akaniwekea karatasi ya kutia sahihi.

"Sisaini," nikasema.

"Mama, ni kwa ajili ya uhai wako."

"Nimekusikia, daktari. Nani amehakikisha kwamba hakuna dawa itakayokiweza?"

Angeweza kunifukuza. Badala yake alieleza kwamba usaha wangu umepelekwa maabara kuoteshwa, na majibu ni baada ya siku tatu. Nikamwambia yakija nataka kuyaona kwa macho yangu. Mimi ni wa darasa la saba, lakini mguu ulikuwa wangu.

Siku ya tatu binti wa maabara aliniita dirishani. Alishika kisahani cha plastiki chenye kifuniko, akanionya nisikiguse. Ndani yake vilikuwa vimeota vijidudu vyangu, utando wa rangi ya uji, na juu ya utando zimepangwa karatasi ndogo za duara, kila moja imelowekwa dawa yake.

"Dawa inayoua huacha uwanja mtupu kuzunguka karatasi," alisema.

Nikatafuta uwanja mtupu. Karatasi ya kwanza, vimeota hadi ukingoni. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu akaigusia kwa ncha ya kalamu, juu ya kifuniko.

"Hii ni ya ukoo mmoja na ile ya ng'ombe. Vimeshaizoea. Mlikuwa mnavipiga kidogo mnaviacha, vinavyobaki ndivyo vigumu."

Nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo. Niliukasirikia mkono mwepesi wa shemeji, nikaukasirikia na ujinga wangu wa kukubali kila mara. Kisha binti akakizungusha kisahani, na pembeni nikaona duara moja pana, safi, hakuna kilichoota. Nikamwomba anionyeshe tena.

Dawa hiyo ilikuwa ya sindano, asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Mama yangu alitoka Ringwani kuja kuniuguza, na chupa ya asali ameificha ndani ya khanga, maana alishawahi kugombezwa wodini kwa dawa za miti. Muuguzi aliiona. Akaifungua, akainusa, akauliza kama imechanganywa na sukari. Mama akaapa kwamba ni ya mzinga wake.

"Asali safi tunaitumia kwenye vidonda," muuguzi alisema. "Vijidudu haviipendi. Lakini haifuti sindano hata moja. Na usiidharau dawa ya chupa, mama, nyingine zilianzia kwenye ukungu na udongo."

"Kumbe tulisoma darasa moja," mama akamjibu, na tangu siku hiyo akawa anasimama kando ya kitanda kuhakikisha asali inapakwa anavyotaka yeye.

Siku ya nane nilikuwa natembea. Mume wangu alikuja na pikipiki kunichukua, mahindi yalikuwa bado hayajapukuchuliwa. Nikamwambia zimebaki siku sita.

"Shemeji yako atakumalizia nyumbani," alisema.

Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Mume wangu akarudi peke yake, amenuna.

Niliporudi baada ya sindano ya mwisho nilikuta kikao kinanisubiri nyumbani kwa baba mkwe. Habari kwamba nimemtaja shemeji kwa daktari zilikuwa zimefika kabla yangu. Wazee walitaka nimwombe radhi kwa kumwaibisha. Kwetu mkamwana hanyanyui sauti mbele ya baba mkwe, hata kupita karibu naye anakwepa. Nikasimama mlangoni, nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama.

"Sindano yangu imeponya nyumba hii yote," shemeji alisema.

"Siombi radhi," nikasema. "Nilikuita mwenyewe, na kosa hilo ni langu. Lakini mimi na wanangu hutatuchoma tena."

Wazee wakaguna. Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Hapo nikafanya ambalo mkamwana hafanyi: niliipandisha khanga hadi gotini. Shimo lilikuwa bado jekundu, limeanza kujifunga pembeni. Wanaume wakageuza nyuso ukutani. Sikuishusha.

"Baba, tazama," nikasema. "Wangekata hapa." Nikaweka kiganja chini ya goti.

Niliishikilia khanga mpaka baba mkwe akageuza kichwa, akautazama mguu. Aliutazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mwanawe mdogo.

"Mura, kijana wangu," alisema kwa sauti ya chini, "na ile uliyonichoma mimi Jumapili, ilikuwa ipi?"