Shimo la Bibi Mwezini

Enzi zetu sie watoto wa Mji Mkongwe, burudani haikutiwa chaji. Ukishaswali Magharibi na kumaliza kipande chako cha mkate wa kumimina, mbio juu kwa Mzee Kanti, sonara wa mtaani kwetu, aliyekuwa na darubini ya shaba. Tulisukumana kwenye foleni, mikono inanata ubuyu, naye akifoka: "Pangusa mikono kwanza, wee! Hicho kioo, si sahani!"

Loo, mwezi ule! Tulidhani laini, kumbe umejaa mashimo, kazi ya mawe yaliyouangukia kutoka angani. Moja nililipenda mno: ukingo wake mviringo kama wa chungu, katikati kilima, na michirizi myeupe imetawanyika pande zote kama unga uliomwagika. Nikasema hili la Bi Zuhura, bibi yangu aliyenilea. Mzee Kanti akacheka, akatwambia wataalamu huyapa mashimo ya mwezini majina ya watu waliokwisha kufa.

Mdogo wangu Saidi hakuwa na breki mdomoni. Akashuka ngazi mbio hadi nyumbani: "Bibi! Dada kakupa shimo mwezini! Wanapewa waliokufa!"

"Mie?" Bibi akainuka na upawa mkononi. "Kumbe mshanizika, na wali wangu mnakula!" Akapiga marufuku, hakuna tena kwenda kwa Kanti. Nililia mpaka macho yakavimba, maana mwezi mpevu ndio ule, na wenzangu nnawasikia wanacheka kule juu.

Kesho yake Mzee Kanti akaja mwenyewe mlangoni. "Bi Zuhura, njoo uone kwanza, halafu ugombe." Bibi akajitanda kanga, akapanda akinung'unika, akainama kwenye darubini. Akatazama huku na huko, nasi roho juu.

"Na hili dogo la pembeni lina mwenyewe?"

"Halina, Bibi."

"Basi kubwa mpeni marehemu babu yenu, alipenda nafasi. Hili dogo nishikieni, lakini jina msitie. Mie bado nipo nipo."

Tulicheka sote, Mzee Kanti mpaka akatokwa na machozi.

Siku hizi watoto wetu huupa mwezi mgongo ili wajipige nao picha. Juzi mjukuu wangu kanionesha shimo lile lile kwenye simu, lina jina la kigeni. Nikamkumbuka Bibi. Nikamwambia hao wataalamu hawakuuliza vizuri. Hapo wanakaa mtu na mkewe.