Godoro la Majani ya Ngano

Nilipoolewa Timau kutoka kwetu Kanja, mama mkwe alinipokea kwa godoro alilolijaza mwenyewe majani makavu ya ngano. Nilimshukuru. Baada ya siku chache nikaanza kuamka nikipiga chafya mfululizo, macho yakiniwasha, pua ikichuruzika. Halafu kifua nacho kikaanza kubana, nikawa napumua kwa sauti kama ya filimbi.

Nilimshuku yeye. Alikuwa amemtaka mwanawe aoe msichana wa huko huko, na hakulificha. Kikombe chake alikitenga, hata kukiosha hakuniruhusu. Nilipoenda kwetu kusalimia, kifua kilifunguka. Mama yangu akanionya nisile chochote kilichopikwa na yule mwanamke. Niliporudi Timau, chafya zikarudi, nikaanza kujipikia kando. Mume wangu alisema ni baridi tu.

Asubuhi moja ya ukungu tulikuwa tukipalilia viazi, mama mkwe akashikwa. Hakupiga chafya hata moja. Aliinama akitafuta pumzi, na filimbi ileile ikatoka kifuani mwake. Nilimketisha. Alipoweza kusema, alinikazia macho.

“Ni wewe uliyeniletea?”

Kumbe aliamini nimetoka Kanja na kifua kikuu.

Tulienda zahanati pamoja, kila mmoja akitaka kusikia mwenzake ataambiwa nini. Tulipimwa makohozi, kifua kikuu hakikuonekana. Daktari aliuliza maswali mengi, mpaka ninacholalia.

“Nyote wawili mna pumu,” alisema, “lakini haiamshwi na kitu kimoja.”

Alitueleza kwamba mimi nina aleji: mwili wangu unapigana na vumbi la yale majani kana kwamba ni adui. Kwa wengi vita hivyo huishia puani na machoni. Kwangu vinashuka kifuani na kubana njia za hewa. Mama mkwe hana aleji. Kwake baridi na kazi nzito vinatosha.

Tulipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kila mtu yake. Tulipofika nyumbani alilitoa godoro mwenyewe, akalichoma nyuma ya zizi.

“Nilidhani nimekufanyia jambo zuri,” alisema bila kunitazama.

Nililalia sponji, kifua kikatulia. Tulirudi kula chungu kimoja. Lakini kwa miezi mingi niliinusa chai yake kabla ya kunywa, naye aliniona nikifanya hivyo.