Mgeni Kutoka Chamani

Watu wakiniuliza chama cha wataalamu wa fiziotherapia kimenisaidia nini, wanategemea nitaje semina na vyeti. Navyo vipo. Mimi mwenyewe nilijiunga kwa sababu hiyo tu, maana semina za chama huhesabiwa unapohuisha leseni, nami si mtu wa mikutano. Kwa miaka mingi nilikuwa peke yangu kwenye kazi hii katika hospitali moja hapa Kigoma, na upweke huo niliuonea fahari. Wapagazi wa bandari ya Kibirizi walioumia mgongo kwa magunia ya dagaa waliletwa kwangu. Wazee waliovunjika nyonga waliletwa kwangu. Kuna daktari aliyekuwa akiwaambia wagonjwa, "Nenda kule ukakandwe," kana kwamba nimesomea kukanda kwa maji ya moto. Nami nilikuwa nikimrudishia mgonjwa wake akiwa anatembea. Sikuona chama kingeniongezea nini.

Kisha mama yangu akapata kiharusi.

Mama anaishi Rusimbi, katika nyumba aliyoijenga kwa biashara ya dagaa, pamoja na binamu yangu anayemtunza. Kiharusi kilimshika upande wa kulia. Mkono ulirudi polepole, maneno yakarudi mapema kuliko tulivyotaka, lakini mguu akaukalia. Nasema akaukalia kwa sababu niliupima mwenyewe na nguvu zilikuwemo. Ule ulikuwa mguu wa kutembea. Hakutaka tu kuusimamia mbele yangu.

Kila nikitoka kazini nilipitia kwake.

"Shikamoo, mama. Haya, tusimame."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula baadaye. Shika fremu."

"Fremu ina nguo."

Na kweli ilikuwa na nguo. Ile fremu ya kutembelea niliyomtafutia kwa taabu ilikuwa imegeuzwa kamba ya kuanikia kanga. Mimi hasira zangu ziko karibu, basi napandisha sauti, na yeye ananitazama kwa utulivu wote. "Mimi ndiye niliyekufundisha kusimama," anasema. "Leo wewe wa kuniamrisha kama askari?" Kisha anageukia ukutani, na kazi ya siku hiyo imekwisha.

Niliogopa. Najua mguu uliolala unakwenda wapi. Msuli unasinyaa, goti linakunjika na kugoma kunyooka, na baada ya muda hata anayetaka kusimama hawezi tena. Nimewaona wengi wakiletwa wakiwa wamechelewa. Sasa nilikuwa namwona mama yangu akielekea huko huko, na kila tulipogombana nilikuwa nampa sababu nyingine ya kulala.

Ndipo nikaandika kwenye kundi la chama la WhatsApp. Niliandika kitaalamu, nikaeleza hali ya nyonga, goti na kifundo, nikauliza kama kuna zoezi ambalo sijalijaribu. Nilitegemea wenzangu wasifie maelezo yangu. Mwenzangu mmoja wa Tabora, mama mtu mzima niliyekutana naye semina moja tu, akauliza, "Mgonjwa ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Na anayemfanyisha mazoezi?"

"Mimi."

"Basi acha."

Wengine wakamwagika. Mmoja alisema baba yake alimrushia bakora. Mwingine akaandika, "Mganga hajigangi, dada, na mama yako ni wewe." Nilichukia. Niliifunika simu mezani, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Lakini nikiwa naviosha nilijua kuwa hospitalini kwangu hakuna ambaye angeweza kuniambia hivyo, kwa sababu hakuna aliyeijua kazi yangu kiasi cha kunipinga. Walinisifu au walinidharau, basi. Kukosolewa na mtu anayejua anachokosoa nilikuwa sijakuonja tangu chuoni.

Bahati, semina ya kanda ilikuwa ifanyike Kigoma, na yule mwenzangu wa Tabora akaomba afikie kwangu Bangwe. "Nitamsalimia mama," alisema.

Nilidhani atakuja na mbinu. Alikuja na mkungu mdogo wa ndizi. Akamwamkia mama, akakaa, akala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese, akauliza dagaa wanakaushwaje wakati wa mvua. Mama akamweleza kwa kirefu, mkono wake mgonjwa ukisaidia maelezo bila yeye kujua. Habari ya mguu haikuguswa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nachemka, najiuliza kama hiki ndicho alichokifuata kutoka Tabora.

Jua lilipoanza kushuka akasimama. "Mama, naaga."

Mama akanigeukia. "Mwanangu, msindikize mgeni."

"Huyu hawezi," mgeni akasema. "Nalala kwake, tunaondoka wote. Na mimi nilikuja kwako wewe, si kwake."

Mama alimtazama mgeni, akautazama mlango, akaitazama fremu. Katika maisha yake yote sijapata kumwona akimwacha mgeni atoke nyumbani kwake peke yake. Hata wadai wake aliwafikisha barabarani. Akaanza kuziondoa kanga kwenye fremu, moja moja, akimkabidhi binamu yangu.

"Wewe tangulia nje," mwenzangu akaniambia kwa sauti ya chini.

Nilisimama nje ya ukuta nikisikiliza chuma cha fremu kikigonga sakafu. Mara kiligonga, mara kikanyamaza, mara kikagonga tena. Niliona wivu, sitaficha. Mgeni wa siku moja alikuwa amepewa kile nilichokigombania kwa miezi. Nilifurahi pia. Siku hiyo walifika kizingitini. Muda wote wa semina mgeni alikuwa akienda kumsalimia, na kila jioni wakati wa kuaga alikuwa na jambo la kumalizia kuzungumza, kwa hiyo wakasogea barazani, kisha uani, kisha karibu na geti.

Alipoondoka kurudi Tabora aliniachia agizo moja. "Ukienda usiuguse mguu. Kula, kaa, kisha uage."

Nilikwenda kesho yake na hofu yangu yote. Nilijua mgeni amekwisha kuondoka, na mimi ni mtoto tu, na mtoto hutoka na kuingia bila mtu kuinuka. Nilikula kila kilichowekwa. Tulizungumza habari za watu. Mikono yangu niliikalia, maana ilikuwa inawasha kushika lile goti. Mwishowe nikasema, "Mama, naaga," nikavaa viatu, nikachelewa makusudi kwenye kamba zake.

"Nawe unakwenda hivyo hivyo tu?" mama akasema. "Nipe hicho chuma."

Tulipita barazani, tukapita uani. Alikuwa akihema, nami nilikuwa nikimtazama mguu kwa kuibia. Nje ya geti nilinyoosha mkono nimshike kiwiko, akaupiga kofi.

"Mgeni hamshiki mwenyeji," akasema. "Haya, nenda salama."

Nikaenda. Sikuthubutu kugeuka mpaka nilipofika barabarani. Nilipogeuka, alikuwa amekwisha kunipa mgongo na yuko katikati ya ua, anarudi ndani peke yake, wala hakutazama nyuma kuona kama namwangalia. Nikalia pale pale kando ya barabara, mpaka mwenye bodaboda mmoja akasimama kuniuliza kama nimeibiwa simu.