Mahali au Mahari

Baba ni broka wa mahindi Kitale. Shuleni watu hulitaja hilo neno kama wanatema kitu, kwa hivyo nikiulizwa nasema tu ni mfanyabiashara. Lakini nimemwona akifanya kazi. Mkulima aliyetoka Ndalu anakaa kwenye benchi nje ya stoo, mwenye lori anabaki ndani ya lori lake ng'ambo ya barabara, na baba anaenda akirudi. Mkulima akisema, "Mwambie huyo mwizi siuzi," baba anavuka barabara na kusema, "Mzee bado anafikiria." Hao wawili hawaongei mpaka magunia yapakiwe. Wakiongea mapema, baba hana kazi.

Mwalimu wetu wa biashara alisema hata benki ni hivyo. Mwenye akiba hamjui anayekopa, benki inawajua wote, na inakula hapo katikati. Wenzangu wote waliandika. Mimi kalamu ilisimama, kwa sababu nilikuwa nimemwona baba akivuka barabara.

Likizo hii mama alinibeba tukaja Naitiri kwa kukhu, nyanya yangu aliyemzaa mama. Baba alikuwa amejaza sebule yetu magunia ya watu kwa sababu stoo imejaa. Tulikuwa tunakula tumekalia mahindi, mama anakohoa vumbi, mpaka siku moja akasema basi. Tangu hapo hawaongei. Wanapitia kwangu. Baba anapiga: "Mwambie mama yako." Mama anajibu akiwa jikoni: "Mwambie baba yako." Mimi natoka jikoni, naenda mpaka kwenye ua ambako simu inashika vizuri, narudi, natoka tena. Hata chakula nakula nimesimama.

Na sipeleki maneno kama yalivyo. Mama akisema, "Mwambie alale na magunia yake," mimi naandika, "Mama anakusalimia, anauliza kama umekula." Nilitaka turudi nyumbani kabla shule zifunguliwe. Hicho tu. Niliona maneno yakifika mabichi hatutarudi.

Jana asubuhi kukhu mwenyewe akaniita. Huku kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Kukhu hawezi kushika simu azungumze na baba, hata salamu lazima ibebwe na mtu.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "mwambie baba yako kwanza atafute mahari. Harafu ndio tuongee mambo ya kurudi."

Nikasema sawa kukhu, nikakimbia uani. Nikaandika mpaka nikafika kwenye lile neno, kidole kikakwama.

Kukhu hatofautishi l na r. Kwake lori ni rori na redio ni ledio. Kama amesema mahali, basi baba atafute nyumba isiyo na magunia, na hiyo anaweza. Lakini kama ni mahari, ni zile ng'ombe ambazo hakumaliza kuleta, ambazo wajomba humkumbusha kila tukikutana matangani, mpaka siku hizi akija anakaa karibu na geti. Hilo neno likimfikia saa hii atazima simu.

Ningerudi nimuulize? Msichana mzima nimuulize kukhu habari ya mahari ya mama yangu! Na ningeuliza, najua angenijibu, "Si nimesema mahari?"

Niliandika mahali. Nikafuta. Nikaandika mahari, nikaona aibu kama nimeandika tusi. Nikazunguka zizi. Ng'ombe akanitazama kama mimi ndiye sina akili. Kabla sijatuma kitu, baba akapiga.

"Mami, niaje? Wanasemaje huko?"

"Kukhu amesema utafute..."

"Nitafute nini?"

"Mahali. Ama mahari. Baba, sijui. Unajua vile anaongea."

Nilisikia watu wakipakia nyuma yake, mmoja anapiga kelele ati gunia limepasuka.

"Na mama yako anasemaje?"

"Anakusalimia. Anatumaini u mzima."

Baba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "U mzima! Mami, nimeishi na mama yako tangu kabla uzaliwe. Hajawahi kuniambia anatumaini u mzima. Mimi ni broka bana, bei iliyoongezwa naisikia kutoka mbali."

Uso uliniwaka moto, ingawa hakuna aliyekuwa ananiona.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu ile ya kwanza. Lakini nilikuwa naipenda, ndio sikusema." Kisha sauti yake ikashuka. "Mpe simu."

"Hataki."

"Mpe tu."

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anachambua majani ya sukuma wiki. Nikamnyooshea simu bila kusema kitu, kwa sababu sikuwa na kitu cha kuongeza. Aliiangalia muda, akafuta mikono kwenye leso, akaichukua.

"Sema," akasema, akatoka nayo nje.

Nikabaki na sukuma nusu. Nilichambua mbili, nikasimama, nikakaa. Sauti ya mama ilikuwa inapanda na kushuka huko nyuma ya ghala, siwezi kusema ni ugomvi, siwezi kusema si ugomvi. Kukhu akaingia akauliza, "Wanasema nini?"

"Sijui, kukhu."

"Si uende ukasikirize?"

Miguu ilitaka. Nikaishika sukuma kwa mikono yote miwili.

"Hapana," nikamwambia. "Waache."