Mche Nilioung'oa Bonde la Rouge

Leo nimekamatwa na askari wa hifadhi. Mimi, mjane wa askari wa hifadhi.

Niling'oa mche mdogo wa mwaloni bonde la Rouge, hifadhini hapa Scarborough, ughaibuni, nikaufunga kwenye kanga. Nilitaka kuupanda kaburini kwa marehemu mume wangu, Baba Neema.

Dada wa hifadhi akanisimamisha. "Samahani mama, hapa hakitoki kitu. Hata jani."

Nikaanza kujieleza huku nikiifungua kanga.

Binti yangu Neema akacheka kidogo. "Mama, Baba mwenyewe angekukamata."

Ni kweli, jamani. Tukiwa wachumba, kule Mikumi, alinirudishisha unyoya wa tai pale pale nilipouokota. Nilinuna siku nzima.

Basi nikapiga magoti, nikaurudisha mche shimoni, nikashindilia udongo kwa mikono. Yule dada akaumwagia maji ya chupa yake. Akaniambia Jumamosi wanapanda miti ng'ambo ya mto, na watu hawatoshi.

Nitakuwepo. Kila Jumamosi, mpaka magoti yakatae.

Nani anakuja? Njooni na majembe yenu. La Baba Neema nalishika mimi.