Shosho Aliyeona Nyuma ya Ukungu wa Simu

Mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, na Jumamosi huwa nafundisha vijana wa hapa Runyenjes kazi hiyo hiyo, na mtu wa kazi hii hutaka kujua sababu ya kila kitu. Kwa hivyo nikikuambia kwamba alasiri moja ya mwezi wa saba niliongea kwa karibu nusu saa na mtu ambaye hakuwepo, usifikiri nimetunga. Ningekuwa nimetunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi. Mwenye kosa katika kisa hiki ni mimi.

Acha kwanza nikueleze kosa lenyewe pole pole, maana bila hilo hutaelewa yule mama alikuja kufanya nini.

Kuna nyumba moja, sitasema iko wapi, inayohifadhi wasichana waliotoroka kwao ili wasikeketwe. Anayeisimamia tunamwita Madam Muthoni. Wasichana hao hufuma sweta, na sweta hizo huuzwa. Madam aliniomba nitengeneze programu ya kuzionyesha, kila sweta ikiwa imevaliwa na yule aliyeifuma. Sharti lake lilikuwa moja.

"Sweta ionekane," aliniambia. "Uso usionekane hata kidogo. Hawa watoto wanatafutwa."

Ni rahisi, sivyo? Ningekata picha shingoni na kazi ingekuwa imekwisha. Lakini nilitaka urembo. Umewahi kuona kwenye simu kibao cha maandishi kinachofanana na kioo cha dirisha la bafu? Rangi za nyuma yake unaziona, lakini umbo hulioni. Sisi huita kazi hiyo kutia ukungu. Niliweka kibao kama hicho kwenye nusu ya juu ya kila picha, nikaandika hapo aina ya sweta na saizi yake. Uso ukayeyuka, na ukuta wa nyuma ukayeyuka nao. Ilipendeza, niamini.

Siku hizi programu unaiandika mara moja, nayo inafanya kazi kwenye simu za kila aina. Hiyo ndiyo raha yake, na hatari yake pia. Niliijaribu kwenye simu yangu, na kwenye simu ya Madam ambayo alikuwa ameinunua juzi. Kote uso haukuonekana. Nikaitoa kwa watu.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba unayoijua kama umewahi kuishi huku. Ukungu wa kweli ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, na saa kumi alasiri nilikuwa nimeshawasha taa. Chumba changu cha kazi kiko juu ya bucha ya Juma. Ngazi ni moja tu, nayo inaanzia mlangoni pake.

Niliinua macho nikaona mama mzee amesimama ndani. Hakuwa amebisha. Alivaa koti la kijivu na kitambaa kichwani, na mikono ameikunja tumboni kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Nilimtazama muda wote aliokuwa pale, lakini mpaka leo siwezi kukuambia sura yake. Kila nilipoelekeza macho usoni mwake, yaliteleza yakaishia kwenye kitambaa. Nilidhani ni uchovu wa skrini. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Haikusaidia.

"Karibu ukae, Shosho," nilisema, maana huku nyanya tunamwita hivyo, nikamvutia kiti. "Simu inakusumbua?" Wazee wengi huniletea simu nitengeneze, ingawa si kazi yangu.

Hakukaa. "Ni wewe ulinifunika uso?"

Nikacheka. "Mimi siuzi vitambaa, Shosho."

"Kwa simu. Umenifunika vibaya. Mtoto wangu wa kiume ananiona."

Ungefanya nini? Mimi nilidhani ni mzee aliyechanganyikiwa, na nimelelewa kuwaheshimu wazee. Isitoshe, kueleza mambo ni ugonjwa wangu. Nikamfungulia programu. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye picha ya tatu.

"Tazama," nikamwambia. "Picha iko chini. Hiki kioo kiko juu yake, ndicho kinachotia ukungu."

"Kwa hivyo uso bado uko hapo chini?"

"Uko, lakini hauonekani."

"Na mtu ambaye simu yake haina hicho kioo?"

Hilo ni swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza. Nilimjibu kwa upole kwamba kioo huja pamoja na programu, hakiwezi kukosekana.

"Kijana, simu zote ni kama yako? Teremka uchukue ya huyo wa nyama." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi ni Marigu. Walinikata mara moja, nikiwa na umri wa huyu. Hawatanikata mara ya pili."

Nilishuka ngazi, na nitakuwa mkweli, nilishuka ili niondoke karibu naye.

Juma alikuwa mlangoni, amejifunika shuka. "Fundi! Leo unanunua, ama umekuja tu kunusa kama kawaida?"

"Nipe simu yako kidogo."

"Usinimalizie bando. Na usisome meseji zangu, utalia."

Simu ya Juma ni ya zamani, ina ufa kwenye kioo, na ni kama zile zinazobebwa na watu wengi hapa sokoni. Niliiweka ile programu na kufungua picha ya tatu. Msichana alikuwa ananitazama, macho wazi. Nyuma yake, ukutani, jina la kanisa lililo jirani na ile nyumba lilisomeka herufi kwa herufi. Ukungu haukuwepo. Kulikuwa na weupe mwepesi tu, kama pumzi kwenye kioo.

Usidharau jambo hili, maana ndilo lililonishinda. Kutia ukungu ni kazi nzito, na simu nyingi za zamani haziiwezi. Programu ikikuta simu kama hiyo, haipigi kelele. Inapaka weupe kidogo na kuendelea. Kwa siku kumi na moja, kila mwenye simu kama ya Juma alikuwa amemwona yule mtoto.

"Huyu ni wa nani?" Juma akauliza akichungulia. "Ana macho makali."

"Juma, yule shosho aliyepanda kwangu, unamjua?"

"Shosho gani? Nimekaa hapa tangu saa nane. Kitu kimepanda hiyo ngazi ni baridi peke yake."

Nilipanda mbio. Chumba kilikuwa kitupu, na dirisha langu lina vyuma.

Nikaifunga programu palepale, kisha nikampigia Madam. "Msichana wa picha ya tatu anaitwa Marigu?"

Akashusha sauti. "Nani amekuambia?" Kwenye programu wasichana hawakuwa na majina. Hata mimi sikuwa nimeambiwa.

"Mtoe hapo leo. Sasa hivi. Nitakueleza."

Madam si mtu wa maswali mengi. Kabla giza halijaingia, msichana alikuwa ameondoka na begi moja, na sweta ambayo ilikuwa bado haijapata mkono wa pili.

Asubuhi nilienda kwenye ile nyumba kumwomba Madam msamaha, nikamkuta langoni na baba yake msichana. Baba huyo alikuwa wa rika langu, amevaa gambuti, kofia mkononi. Hakufoka. Alituonyesha simu yake yenye ile picha, jina la kanisa likisomeka.

"Nipeni mama yangu," alisema.

Kama wewe ni wa huku, huhitaji kuelezwa. Mtoto hupewa jina la nyanya yake, na si jina tu. Baba humwita binti yake mama, na hamaanishi mzaha.

"Mama yako alishakufa, Baba Marigu," Madam akamjibu.

"Alikufa kabla huyu hajazaliwa, halafu akarudi kwangu. Mnanificha mama yangu kwa nini? Arudi nyumbani afanyiwe kama alivyofanyiwa, awe mtu mzima."

Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia, "Nilimwona jana. Mzee, mwenye koti la kijivu. Amesema hatakatwa mara ya pili."

Kwa dakika moja niliona kama anataka kuamini.

"Alikuwa na sura gani?" akauliza.

Nikamtajia kitambaa cha kichwani, maana sura sikuwa nayo.

"Mwongo," akasema. Akavaa kofia yake na kuondoka, na simu ikaenda naye.

Marigu alikuwa darasa la mtihani. Aliacha walimu na marafiki aliokuwa ameanza kuwazoea, akaenda kuanza upya kwa wageni, kwa sababu mimi nilipenda kitu kipendeze. Programu iko tena, na sasa picha zote zinaishia shingoni. Haipendezi sana, na niko sawa na hilo. Lakini kila ukungu ukishuka kutoka mlimani naacha mlango wazi, na huwa najikuta nimeutazama zaidi kuliko ninavyotazama kazi yangu.

Nawe unayejifunza kazi hii, usiogope kukosea, sote tunakosea. Ila ukitaka kumficha mtu, mfiche ndani ya picha yenyewe kabla haijatoka mkononi mwako. Usitundike pazia mbele yake ukadhani amefichika. Kisha tafuta simu mbovu kabisa sokoni ujaribu nayo, na mtu mzee akikuuliza swali la kijinga, fikiri mara mbili.

Ile picha siwezi kuifuta. Nasikia baba yake bado anazunguka nayo masokoni, kuanzia huku hadi Githongo, akiwauliza watu kwa adabu kama wamemwona mama yake. Ukikutana naye, mpe kiti, mpe chai, maana ana uchungu kweli. Lakini akikuonyesha huo uso, mwambie humjui.